Wapagazi wa Tembo wa Bahari

Nimetozwa kuku wawili kwa ajili ya mnyama ambaye sijamwona kwa macho yangu, na kama ingebidi ningetoa hata wa tatu. Wa kwanza alikuwa tetea wangu mweusi, niliyemlea mwenyewe tangu kifaranga. Wa pili alikuwa jogoo wa mama, na huyo nilimlipia mara mbili, maana mama naye ana ulimi.

Aliyenitoza alikuwa fundi cherehani wetu, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Utani huu ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kukuta Wazaramo wanawasubiri kuwacheka miguu. Mtani anaweza kukuambia lolote. Anaweza kukuambia umefanana na kiatu cha marehemu, nawe unatakiwa ucheke, au umrudishie kali zaidi. Ukikasirika umeshindwa, na pale kijijini kwetu aliyeshindwa anatoa kuku. Sasa nipe mimi sheria ya namna hiyo. Mimi damu yangu inachemka kabla maji ya chai hayajachemka.

Kijiji chetu kilikuwa kipya, cha ujamaa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka stesheni ya Usoke. Tulikuwa tumekusanywa kutoka huku na huku, kila mtu na mlango wake aliong'oa kwenye nyumba ya zamani akaubeba. Tulilima tumbaku. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, kazi yangu ni kufunga majani kwenye fito za kukaushia, na kuongea. Baba aliniachisha shule darasa la nne akasema inatosha. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ambayo mjomba aliniletea kila alipokwenda stesheni. Mengine yalikuwa yamefungiwa samaki, hivyo habari nyingi za dunia nilizijua na harufu ya dagaa.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amefika mbali. Ujana wake alishuka pwani kama walivyofanya wazee wake, ila yeye bahari haikumsimamisha. Alipata kazi melini ya kuchochea makaa ya mawe, akaenda kusini hadi visiwa vya barafu, meli yao ikipeleka makaa kwa wavuvi wa nyangumi. Barua ya kifo cha bibi ilimfikia hukohuko. Hakujua kusoma. Aliitembeza mfukoni miezi mitatu akidhani ni salamu, akiitoa jioni na kuitazama na kufurahi, hadi alipopata Mswahili mwenzake bandarini akamsomea. Baada ya hapo alijifunza kusoma kwa hasira. Na serikali ilipotangaza kwamba watu wazima wote wajue kusoma na kuandika, mjomba alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono awe mwalimu. Alipewa ubao mmoja, chaki, na banda la kupangia tumbaku madaraja, saa kumi alasiri, siku tatu kwa wiki. Sijawahi kumwona mtu akipiga pasi shati kwa ajili ya kwenda kwenye banda la tumbaku.

Mratibu wa elimu alimpa mwezi na nusu. "Nikija nikakuta watu chini ya ishirini," alisema, "ubao huu unahamia kijiji cha pili. Ubao ni mchache kuliko vijiji." Mjomba akacheka, maana siku hiyo walikuwa thelathini na moja.

Kosa alilifanya wiki ya pili. Kitabu tulichopewa kilikuwa na sentensi za tumbaku. Tumbaku bora. Lima tumbaku bora. Panga tumbaku bora. Watu wameshinda na tumbaku tangu alfajiri, mikono imeganda utomvu, halafu waje waisome tena ubaoni? Walianza kusinzia. Basi mjomba akafuta ubao, akaandika: *Tembo wa bahari hana masikio.*

Wakaamka. Mtani ndiye aliyepewa asome. Alisimama, mita yake ya kupimia nguo shingoni kama kawaida, akaanza kuvuta silabi moja moja. Alitoka jasho. Alipofika mwisho akairudia tena kimoyomoyo midomo ikicheza, kisha akageuka kututazama.

"Hii ndiyo sentensi ya kwanza niliyoisoma mwenyewe maishani mwangu," akasema. "Na ni uongo."

Banda zima likaanguka kicheko. Mjomba hakukasirika, yeye damu yake ilipoa huko kwenye barafu. Akaanza kueleza. Kwamba ni mnyama wa kweli, jamaa wa sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi, ila mkubwa kuwashinda sili wote. Dume lina pua nene inayoning'inia mbele ya mdomo kama mkonga uliokatwa, na likitaka ugomvi linaijaza pumzi pua ile na kunguruma kama lori lisilo na bomba la moshi. Kwamba nchi kavu linatembea kwa tumbo, linajikunja na kujikunjua kama kiwavi cha tumbaku, mafuta yote yanatikisika. Madume yanapigana kifua kwa kifua, yanararuana kwa meno, na dume zee shingo yake ni makovu matupu kama gome la mti. Atakayeshinda anamiliki majike hata hamsini.

"Hamsini," akasema mzee mmoja mwenye wake wawili. "Mimi huyu wa pili tu ananishinda."

"Na muda wote anapowalinda hali chakula," mjomba akaendelea. "Miezi miwili na zaidi halambi kitu, anaogopa akienda kula ataibiwa majike. Anaishi kwa mafuta ya mwilini. Anaingia ufukweni kama lori, anatoka kama baiskeli."

Mtani alikuwa amesubiri. "Mwalimu, mimi nimezaliwa pwani. Kitovu changu kimezikwa kwenye mchanga wa bahari. Baba yangu mvuvi, babu yangu mvuvi. Pua hiyo hatukuiona. Wewe Mnyamwezi umetoka Tabora, ambako maji mengi mliyonayo ni ya kisima, ndiye unifundishe mimi bahari?"

"Bahari ya kwenu ni ya moto," mjomba akasema. "Huyu ni wa kwenye baridi."

"Ala. Kumbe bahari ziko mbili, kama wake wa mzee."

Hapo ndipo mimi, niliyekuwa nimekaa kando ya ubao nikimshikia mjomba chaki, niliporusha moja. Ilimpata sikioni. Mtani akajishika sikio, akatabasamu taratibu kama mtu aliyeona treni yake inaingia stesheni. "Kakasirika," akasema. "Kuku." Tetea wangu mweusi akaondoka jioni ileile, kichwa chini.

Kuku ni kuku. Tatizo ni kwamba maneno ya Mtani yaliota. Watu wakaanza kusema: kama mwalimu anadanganya mnyama, je, hizo herufi? Tunajuaje kwamba hiyo kweli ni *ba*? Nadhani wengi walikuwa wamechoka tu na walikuwa wanatafuta sababu, lakini sababu walishaipata. Wiki ya tatu walikuja ishirini. Wiki ya nne walikuja kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuja kujikinga jua. Mjomba aliendelea kupiga pasi shati. Siku za mratibu zilipokaribia kwisha nilimwambia, "Mjomba, waambie ulikuwa unatania, mambo yaishe."

Akanitazama. "Mama," akasema, maana ndivyo alivyozoea kuniita, "nikisema nilikuwa natania, basi hata barua ya mama yangu nilikuwa natania."

Siku ya pili yake nilipanda treni kwenda Tabora mjini. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye parokia moja kuna chumba cha vitabu, na mtawa mzee anayekilinda. Nilimkuta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama miguu yenye vumbi, akauliza nataka kitabu gani. Nikamwambia nataka cha mnyama mwenye pua. Akaniuliza pua ipi, wanyama wote wana pua. Nikajaza mashavu pumzi nikamwonyesha na kunguruma kidogo. Yule mama alicheka hadi akakaa chini, kisha akanipa vitabu vitatu vikubwa vya wanyama, vya Kiingereza, na meza karibu na dirisha.

Kiingereza changu nakisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Neno ninalolijua nakanyaga, nisilolijua naruka. Nilifungua kurasa hadi adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikitini, ndipo nikamwona. Amejilaza juu ya mawe, macho makubwa meusi yenye maji kama ya mtu aliyekata vitunguu, na pua ile. Pua ileile. Nikaanza kukanyaga mawe yangu. Dume: futi ishirini. Uzito: hadi tani nne. Jike dogo sana, halifiki hata robo ya dume. Hana masikio ya nje, ana vitundu tu. Kila mwaka ngozi ya juu inabanduka vipande vipande pamoja na manyoya, kama chokaa ya ukuta wa zamani, na hilo mjomba alishaniambia nikiwa mdogo nikadhani ni hadithi ya kunilaza. Kwamba anajitupia mchanga mgongoni kwa pezi. Kwamba mtoto anazaliwa mweusi, ananyonya wiki tatu au nne hivi, maziwa mazito kama samli, anafura kama pipa, halafu mama yake anaondoka anamwacha ajifunze bahari peke yake. Kwamba anaweza kulala amebana pumzi, pua zimefunga kabisa.

Niliona aibu pale mezani, acha niseme ukweli. Miaka yote hiyo nilikuwa namtetea mjomba kwa sababu ni wangu. Nilikuwa nimepigana kwa ajili yake kisimani, nimetukana watu wazima. Lakini kumwamini sikuwa nimemwamini. Hata chaki niliirusha kwa ajili ya mjomba tu, siyo kwa ajili ya mnyama.

Kitabu hakitoki, mtawa alisema. Nikanakili picha kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nikaandika na namba zote chini, nikarudi.

Siku niliyorudi ilikuwa ndiyo siku ya mratibu. Sikupita hata nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja barazani kwa fundi, ambako wanaume walikuwa wamekaa wakimwangalia akishona suruali, maana kazi ya shamba ilikuwa imekwisha. Nikamwekea karatasi juu ya cherehani. Bandani kwa mbali nilimwona mjomba, shati jeupe, anafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Mtani akaitazama picha, akaigeuza juu chini, akairudisha. "Umechora vizuri," akasema. "Huyu ni mjomba wako akiwa amelala?"

Nilimvua mita shingoni nikaitupa kwenye majivu.

"Kuku," akasema, bila hata kunyanyua macho. Watu wakapiga makofi. Jogoo wa mama.

Lakini mita ilipoanguka majivuni nikapata wazo. Majivu yalikuwa mengi, chungu nzima nyuma ya bani iliyopakana na baraza, ile nyumba ndefu tunayokaushia tumbaku kwa moto. Nikachota debe moja, nikaokota na mita, nikaanza kumchora chini pale uwanjani. Mita ya fundi ina inchi sitini, yaani futi tano. Mara nne. Nikaweka alama ya pua hapa, nikahesabu moja, mbili.

"Umepinda," Mtani akasema kutoka kwenye cherehani.

Nikaendelea kupima. Tatu.

"Nakwambia umepinda. Ukipima, pima. Usinitie aibu na mita yangu." Akaacha suruali akaja. Fundi hawezi kuvumilia mstari uliopinda hata kama ni wa uongo. Akashika ncha moja ya mita, mimi nyingine, tukamnyoosha mnyama, kisha akarudi nyuma akafumba jicho moja. "Kifua kiongeze. Mtu wa urefu huu hawezi kuwa na kifua hicho." Nikamwaga majivu zaidi. Tulipomaliza tumbo na mapezi, mnyama alikuwa ametoka kwenye mlango wa fundi hadi karibu na ghala. Wanaume wote walikuwa wameinuka.

"Kanzu ya huyu," Mtani akasema polepole, "itakula jora zima. Na mikono hana."

Ndipo akatokea yule mzee tunayemwogopa wote, mwenye sikio moja bovu, anayegombana hata na mbuzi wake. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara, na yeye mwenyewe alibeba masanduku ya risasi vita vya Wajerumani. Alimzunguka mnyama mara moja, fimbo mgongoni.

"Uzito," akasema.

"Tani nne, babu."

"Mimi sijui tani. Ratili ngapi?"

Nilikuwa najua tani ni ratili elfu mbili mia mbili na arobaini, imeandikwa kwenye mizani ya tumbaku. Mara nne nikaifanya chini kwa kijiti: elfu nane mia tisa na sitini.

"Mzigo wa mpagazi ni frasila mbili," mzee akasema. "Frasila ni ratili thelathini na tano. Anayekwambia tofauti ni mvivu. Piga hesabu."

Nikaanza, nikakosea. Mwingine akachukua kijiti akakosea upande wake. Mmoja akasema ni tisini, mwingine mia mbili. Walipoanza kusukumana, mtu akapiga kelele kumwita mwalimu. Mjomba akaja mbio na ubao kichwani, akauegemeza ukutani kwa fundi, akaandika, na watu wakawa wanaisema hesabu pamoja naye kwa sauti, sabini mara moja, sabini mara mbili. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wakatua ndoo. Ilitoka bila baki: wapagazi mia moja ishirini na wanane.

"Hao ni wa nyama tu," mzee akasema. "Nani anabeba chakula cha hao?"

Basi vita ikaanza. Wengine walisema mafuta yasisafiri mchana, yatayeyuka, mpagazi atateleza. Mjomba akasema mafuta yake unene wake ni zaidi ya kiganja. Wakasema basi yatiwe kwenye mapipa, wengine wakasema pipa halibebeki kichwani, mzee akawaambia hawajui kitu, pipa linafungwa kwenye mti wanabeba wawili. Mama mmoja aliyekuwa ameacha darasa wiki ya pili aliuliza ngozi ikibanduka njiani uzito unapungua au la. Mjomba akaandika swali lake ubaoni neno kwa neno, naye akalisoma. Mimi nilisimama kando na debe langu. Hakuna aliyekuwa anauliza tena kama mnyama yupo. Walikuwa wanagombania njia ya kumpitisha.

"Pua apewe kirangozi," mzee akaamua, yaani yule anayetembea mbele ya msafara wote. "Pua ndiyo heshima. Kirangozi ni Mnyamwezi. Mkia tunampa Mzaramo."

"Mkia?" Mtani akasema.

"Mkia. Ndiyo saizi yenu."

"Mkia upi?" Sauti ilikuwa imepanda. "Huyu mkia wake hauzidi kidole, uko katikati ya mapezi ya nyuma, mwalimu alisema mwenyewe. Mimi mtu mzima, mzaliwa wa pwani, nitembee kutoka baharini hadi Tabora nimebeba kidole? Nipeni bega. Bega la dume hili ni frasila nyingi na mnajua. Sitaki dharau."

Alikuwa ametikisa kichwa hadi miwani yake ya kushonea ikashuka puani. Nikahesabu moyoni hadi tatu nipate raha yangu sawasawa.

"Kakasirika," nikasema. "Kuku."

Nilichokuwa sijakiona ni mratibu. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono juu ya usukani wa baiskeli, sijui tangu saa ngapi. Kicheko kilipotulia akasogea, akasoma ubao, akatazama chini, akakuta amesimama juu ya pezi. Akatoka.

"Mwalimu, hili ni somo gani?"

Mjomba alifungua mdomo, lakini Mtani alimtangulia. "Hesabu na kusoma, ndugu mratibu. Huyo ni tembo wa bahari. Hana masikio. Jihadhari na pua."

Mratibu akatuhesabu, akipanda na kushuka na kidole. Tulikuwa arobaini na saba, pamoja na waliokuwa wamekaa juu ya ndoo. Akaandika kwenye daftari lake, akafunga. "Ubao unabaki," akasema. Kisha akiwa ameshapanda baiskeli akageuka. "Hiyo mia moja ishirini na wanane, mmeondoa mifupa?" Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili.

Mjomba alichukua kitambaa akaanza kufuta ubao, halafu akaacha, akaubeba vilevile na hesabu zake akaurudisha bandani.

Kesho yake asubuhi Mtani alikuja nyumbani kulipa. "Mwangaluka," akaamkia kwa Kinyamwezi kibovu, na mama akamwitikia kwa baridi ya jogoo wake. Alikuwa amembeba tetea wangu mweusi kwapani, na kwenye kikapu vifaranga saba wanalia.

"Deni ni kuku mmoja," nikamwambia. "Hawa wa nini?"

Akaweka kikapu chini, akajirekebisha mita shingoni. "Hao nalipia hasira zijazo, maana jana usiku nilikuwa nafikiri," akasema. "Mmehesabu wapagazi wa dume peke yake. Yale majike hamsini yatabebwa na nani?"